Nusu ya Gitaa la Baba

Watu wanaosifu vitu vya zamani huniudhi, maana wengi wao hawakuwahi kulazimika kuvitumia. Nasema hivi nikiwa mtu niliyepiga gitaa la zamani, tena lile la bei ya chini, kwa miaka mingi kwenye loji za Karatu na za ukingoni mwa kreta, na ncha za vidole vya mkono wangu wa kushoto mpaka leo hazisikii moto wa sufuria.

Lilikuwa gitaa la umeme, la Kijapani, jekundu katikati na jeusi pembeni kama chapati iliyoungua. Jina la kiwanda lilishabanduka kichwani, yakabaki matundu mawili ya misumari. Baba yangu alikuwa seremala wa misheni, na mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha ufundi pale alipomaliza muda wake akamwachia gitaa hilo bila spika, bila waya, bila maelezo. Baba akalileta nyumbani kwetu Qurus, mahali ambapo umeme ulikuwa haujafika hata kwa diwani.

Gitaa la umeme lisilo na umeme halilii. Linanong'ona. Baba aligundua kwamba ukikibana kichwa chake kwenye kitu cha mbao, kile kitu ndicho kitakachoimba. Basi jioni alikaa kwenye kigoda, akakibana kichwa cha gitaa kwenye kabati la vyombo, na kabati zima likaanza kutoa muziki, vikombe vikigongana ndani. Kaka yangu alikaa karibu naye akifundishwa. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua mbaazi. Hakuna aliyenifundisha kitu, lakini macho hayakufungwa, na baba alipokwenda kazini nililishusha nikaweka vidole pale nilipoona vya kaka vimewekwa.

Baba alipofariki, shamba lilikwenda kwa kaka, kama ilivyo kwetu. Gitaa halikutajwa kwenye kikao cha ukoo. Lilibaki juu ya kabati, na mimi nikiwa ndiye niliyebaki na mama, likabaki na mimi. Kaka alikuwa Arusha akipiga kwenye bendi za hoteli. Siku moja akarudi Karatu na gitaa lake jeusi linalong'aa, spika mbili, mpiga besi, mpiga ngoma na mpiga rizimu wa kusindikiza gitaa lake, akaanzisha bendi ya kupigia wageni wakati wa chakula cha jioni. Yeye na huyo mpiga rizimu waligombana hata mwezi haujaisha. Kaka akaja nyumbani, akasimama uani bila kukaa.

"Dada, chukua lile gitaa la baba ushike rizimu mpaka nipate mtu."

Hilo "mpaka nipate mtu" nililisikia kwa miaka. Alilisema mbele ya mameneja wa loji, mbele ya wahudumu, mbele ya wageni wenyewe alipotutambulisha kwa Kiingereza. Huyu ni mpiga besi, huyu ni mpiga ngoma, na huyu ni dada yangu, anatusaidia kwa sasa.

Niwaeleze sasa nilichokuwa nikisaidia nacho. Shingo ya gitaa lile ilikuwa nene kama mpini wa jembe na imepinda kama upinde, hivyo nyuzi zilikaa juu sana, na kuzikandamiza ilikuwa kazi ya kukamua ng'ombe anayekunyima maziwa. Lilikuwa na swichi nne. Mbili hazikufanya chochote, moja ilibadilisha sauti kidogo, na ya nne ilizima kila kitu, nayo ilikuwa mahali hasa ambapo mkono hupita. Lilikuwa na mkono wa chuma wa kutetemesha sauti. Ukiugusa mara moja, nyuzi zote zinalegea na hazirudi. Ukishika chuma chochote cha gitaa, lilitulia; ukikiachia, lilivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke.

Na baridi. Tunatoka Karatu mchana, jua kali, vumbi jekundu, gitaa limekaa sawa. Tunapita geti la hifadhi, tunapanda msitu, tunafika ukingoni kwenye ukungu, wageni wamevaa masweta, na kufikia wimbo wa tatu ule ubao wote umesogea na nyuzi zimepoteza sauti. Gitaa la kaka halikusogea. Kwa hiyo kila mara aligeuka akaniangalia kwa yale macho, mbele ya watu, kana kwamba mimi ndiye niliyeuleta ukungu.

"Kaza nyuzi zako."

"Nimezikaza."

"Basi una masikio mabovu. Umeyarithi kwa mama."

Kisha akaniambia niimbe kiitikio. Alikuwa anajua anachofanya. Kwenye loji zinazotumia jenereta, ukishika nyuzi za gitaa lile na mdomo ukagusa maiki, ulipigwa shoti ya midomo hadi machozi yakutoke. Mara ya kwanza niliruka nyuma, mpiga ngoma akaacha kupiga, na kaka akacheka kwenye maiki yake yeye. Baada ya hapo nilikata kipande cha godoro nikakivika maiki yangu. Kaka akasema kinaharibu sura ya bendi. Nikamjibu kwamba sura ya bendi anaitafuta kwangu kwa sababu kwake haipo.

Nilikwenda kwa fundi redio karibu na stendi. Huyu alilifungua gitaa kwa madaha, akakata waya aliouona hauna kazi, akachomea risasi ya kuungia waya hapa na pale, na aliponirudishia, mvumo ulikuwa umepungua na shoti imeongezeka. Skrubu zilizobaki alinifungia kwenye karatasi, akaniambia ni za akiba. Tangu siku hiyo nikawa ninalifungua mwenyewe. Nikaona kwamba magitaa haya ya bei ndogo hayajaunganishwa kwa gundi kama yale ya gharama. Shingo imeshikizwa kwenye ubao kwa skrubu nne tu. Ukizilegeza, unaweza kupachika gamba la kiberiti katikati, ukabadilisha pembe ya shingo, na nyuzi zikashuka kidogo. Nilipachika, nikajaribu, nikapachika tena. Kilikuwa kitu cha kwanza kwenye gitaa lile kilichonisikiliza.

Nitasema na zuri lake, maana hata adui hapaswi kusingiziwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, kama kengele ndogo ya mbuzi. Gitaa la kaka lilikuwa na sauti pana, laini, ya kujaza chumba, na kwa sababu hiyo lilipotelea kwenye kelele za vijiko na sahani na simulizi za wageni waliomwona faru. La kwangu lilipenya. Wahudumu waliniambia hata kule jikoni, walipokuwa wakikaanga viazi, walichosikia ni mimi. Miguu ya wageni chini ya meza ilinifuata mimi. Kaka aliliona hilo kabla yangu, na nadhani ndilo lililomfanya awe mkali zaidi kila msimu.

Tena lilikuwa na tabia moja iliyonigharimu. Vile visanduku vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, vinavyochukua sauti, vilikuwa vimechoka kiasi kwamba vilichukua hata maneno. Ukiinama ukaongea karibu navyo, sauti yako ilitoka kwenye spika kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Sikulijua hilo mpaka jioni moja kaka aliponikemea mbele ya meza ya wazee wa Kijerumani. Niliinama kukaza uzi, nikasema kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, taratibu, kile nilichokuwa nikimfikiria, yeye na kiburi chake na siku aliyozaliwa. Kikatoka kwenye spika. Wageni hawakuelewa kitu, lakini nusu ya wahudumu walikuwa watoto wa Karatu. Mmoja aliweka sinia chini akatoka nje kucheka.

Kaka hakuniongelesha wiki nzima. Ilikuwa wiki nzuri.

Sasa nije kwa mgeni. Alikuwa mzee wa Kimarekani, mrefu, mwenye kofia ya safari. Alikuja jukwaani tulipomaliza kupiga, akampita kaka aliyekuwa tayari amenyoosha mkono, akapiga magoti mbele ya gitaa langu. Alipiga magoti kweli, na miguu yake ya kizee. Akataja kiwanda, akataja miaka, akasema alipokuwa kijana ndilo gitaa la kwanza alilonunuliwa na mama yake, likaibiwa, na hajawahi kuona jingine lenye swichi zote nne. Akaniuliza kama linavuma. Nikasema linavuma. Akafumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali. Akauliza kama linapoteza sauti kwenye baridi. Nikasema ndiyo. Akasema magitaa haya yana roho, haya mapya hayana.

Nilimtazama. Kila ubovu ulionitoa damu, yeye aliutaja kama sifa ya mchumba. Nilitamani nimwonyeshe vidole vyangu, lakini kaka alishaingia katikati.

Mgeni akasema angependa kubadilishana. Anakwenda Serengeti, akirudi atapitia hapa. Ataagiza gitaa jipya, zuri, kutoka Arusha, lipandishwe na gari linaloleta wageni wengine, na yeye achukue hili. Kabla sijafungua mdomo kaka akamshika mkono.

"Hakuna shida. Ni gitaa la familia, na mimi ndiye mkubwa."

Mgeni akaniangalia. "Na wewe, unakubali?"

"Yeye anatusaidia tu kwa sasa," kaka akasema.

Njiani kurudi Karatu nilimuuliza hilo gitaa jipya litakuwa la nani. Akasema la bendi. Nikamuuliza bendi ndiyo nani. Akaniambia nilale, nimechoka. Kesho yake mchana nilikuwa nyuma ya kantini ya wafanyakazi nikianika waya zilizolowa, nikamsikia ndani akiongea na simu. Alikuwa akimwambia mtu wa Arusha aje na nguo tu, gitaa lipo, jipya kabisa, nafasi ya rizimu iko wazi. Alikuwa amepata mtu.

Nilipanda bodaboda nikaenda Qurus kwa mama. Nilimkuta anapepeta mahindi. Nikamweleza yote, nikitegemea atalia kwa ajili ya gitaa la marehemu. Mama alipepeta mpaka makapi yakaisha, kisha akaongea, na alianza kwa Kiiraqw kama afanyavyo akiwa na hasira, akamalizia kwa Kiswahili.

"Baba yenu akikasirika alikuwa haongei na mimi. Anaweza kukaa mpaka mvua ziishe. Anaongea na ule ubao, na ule ubao unaongea na vyombo vyangu. Nimepika chakula cha miaka yote hiyo nikisikiliza kikombe kikigonga kikombe. Mwacheni huyo mzungu aende nalo kwao."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Nilidhani mama alipokuwa kimya jikoni jioni zile alikuwa akiburudika.

"Lakini kaka analichukua peke yake, mama."

"Ni urithi?"

"Ni urithi."

"Urithi hugawanywa. Chukua msumeno mlikate katikati, kila mtu achukue nusu yake."

Alisema hivyo kwa kejeli, akarudi kwenye ungo wake. Mimi nilirudi Karatu nikilifikiria bila kejeli.

Siku ambayo mgeni aliahidi kurudi, kaka alinipigia simu asubuhi. Nilete gitaa, nilifute vumbi, nimkabidhi kabla mzungu hajafika, nisianze maneno. Nililipangusa vizuri. Kisha nikachukua bisibisi nikafungua zile skrubu nne, nikaitoa shingo na nyuzi zake. Ubao niliuweka kwenye mfuko wa gitaa, nikajaza sehemu ya shingo kwa kanga iliyosokotwa ili mfuko usimame. Shingo niliifunga kwenye kitenge nikaibeba kwapani kama mtu anayekwenda kusalimia jamaa.

Tulikuwa kwenye maegesho ya loji, madereva wakiosha magari. Kaka aliupokea mfuko bila kunisalimia. Gari la mgeni likaingia, akashuka amejaa vumbi na furaha, na dereva wa gari la Arusha akalileta lile gitaa jipya kwenye sanduku lake. Kaka akaweka mfuko juu ya boneti, akafungua zipu kwa madaha kama anayezindua jengo. Akavuta kanga, ikaendelea kutoka.

Mgeni alipouona ule ubao peke yake alishika kichwa.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema. Nilisema kwa Kiingereza ili kusiwe na mkalimani. "Kaka yangu alikupa kitu ambacho nusu yake si yake. Hiyo ndiyo nusu yake. Yangu ninayo hapa."

Kaka akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, meno yamefungwa, "Lete hiyo shingo."

"Njoo na gitaa jipya tubadilishane."

"Una wazimu." Akamgeukia mgeni kwa Kiingereza. "Bwana, huyu si mwanamuziki, ni mtu wa muda tu. Mimi ndiye niliyefundishwa na baba kwa gitaa hilo."

"Alifundishwa kweli," nikamwambia mgeni. "Muulize kama alilipiga tena tangu alipopata lake. Muulize ni swichi ipi inazima."

Mgeni akamgeukia. Kaka akautazama ule ubao, na swichi nne zikamtazama. Alinijia, akashika ncha ya kitenge akavuta. Nilivuta pia. Dereva mmoja wa waliokuwa wakiosha magari, mtu mnene wa Kilimanjaro aliyekuwa bado na ndoo mkononi, akasimama katikati yetu.

"Kaka, hapa kuna wageni. Muachie dada."

"Nitakwenda kumwambia mama," kaka akasema. Mtu mzima, mwenye ndevu.

"Mama ndiye aliyesema ligawanywe."

Hapo aliachia. Akautupa mfuko na kanga yangu kwenye kokoto, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, na sikumwita.

Mgeni aliuokota ule ubao akaupangusa kwa mkono wa shati. Hakuwa na furaha tena, na mimi sikusikitika kwa hilo. Alisema hakujua. Nikamwambia aliniuliza kama ninakubali, akajibiwa na mtu mwingine, akaridhika na hilo jibu. Akasema ni kweli. Akachukua sanduku kwenye mikono ya dereva wa Arusha akanipa mimi. Niliifunga shingo mahali pake mbele yake, kwa bisibisi ya gari, na gamba la kiberiti nikalirudisha nikamwonyesha lilivyokaa. Nilimwambia pia asiguse maiki.

Halafu nikafungua sanduku. Nilikaa kwenye ngazi ya loji nikaliweka gitaa jipya mapajani, nikaweka vidole. Nyuzi ziliitika kabla sijakandamiza. Shingo ilikuwa nyembamba, kiganja kilizunguka chote. Nilipanda kwa vidole mpaka juu kabisa, kule ambako kwenye gitaa la baba palikuwa pa urembo tu, na kila mahali palikuwa na sauti. Mgeni alidhani machozi yaliyonitoka ni ya shukrani. Nilikuwa na hasira kuliko siku zote za maisha yangu. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Kumbe miaka yote ile kaka alikuwa akipiga kitu chepesi hivi, ananigeukia, ananiambia nina masikio mabovu.

Baadaye mgeni alinitumia video. Amelitengeneza gitaa: halivumi, nyuzi ziko chini, mkono wa chuma unarudi. Alikuwa akipiga kitu cha taratibu, na ile kengele ya mbuzi haisikiki tena. Sikumjibu. Angenijibu tena habari za roho.

Kaka aliwaambia ndugu wote, kuanzia Qurus mpaka Mbulu, kwamba nimemuuza baba kwa mzungu. Shangazi mmoja alinipigia kunilaani, nikamwacha amalize salio lake. Yule mpiga rizimu wa Arusha alikuja na nguo tu kama alivyoambiwa, akakuta gitaa halipo, akarudi. Mimi nilitafuta mpiga kinanda, dada mwenzangu aliyechoshwa na mwalimu wa kwaya yake, tukaanza kupiga harusi na mahafali ya shule. Hatupandi ukingoni mara kwa mara. Baridi ile sina haja nayo.

Mwaka huu tulipiga harusi Endabash, ya binti wa mjomba wetu, na kaka alikuwepo kama ndugu wa bibi harusi. Wakati watu wanacheza alikuja akasimama mbele ya spika zangu, mikono nyuma, hachezi. Alisimama nyimbo kadhaa. Tulipopumzika akasogea, akalitazama gitaa, hakunitazama mimi.

"Uzi wa tatu umelegea," akasema.

Nilisikiliza. Ulikuwa umelegea. Niliukaza akiwa bado amesimama pale, sikumshukuru, naye akaenda kutafuta sahani ya pilau.